Nyama ya Sikukuu

Kazi yangu ya kwanza Wheaton, Illinois, Marekani, ilikuwa kuhudumia wazee. Mmoja wao, mwenye miaka 76, hakupenda kukaa ndani. Jioni ya tarehe 3 Julai 2012, joto likiwa kali kama la Tanga, akataka nimsukume kwenye kiti chake hadi Prairie Path, njia ya waendao kwa miguu na baiskeli.

Njia hiyo ilinitatiza siku zote. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na njia ya miguu naijua: hupinda. Hii imenyooka kama uzi. Nikamwambia mzee, "Hapa palipita treni." Akacheka sana.

Ilipita kweli. Chicago Aurora and Elgin, treni ya umeme iliyoanza 1902. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na nyaya juu. Umeme, volti 600, ulipita kwenye reli ya tatu pembeni, na mama wa mzee huyo alimkanya asiisogelee hata kufuata mpira. Treni hizo ziliingia hadi katikati ya Chicago. Mwaka 1953 ujenzi wa barabara kuu ukazikatisha, zikawa zinaishia Forest Park, nje ya Chicago, msafiri anashuka na kupanda treni nyingine. Wengi wakanunua magari. Hata mimi ningenunua.

Tarehe 3 Julai kama hiyo, mwaka 1957, mzee akiwa karani wa miaka 21, alikwenda kazini kwa treni kama kawaida. Saa sita mchana kampuni, ikiwa na ruhusa ya mahakama, ikasimamisha treni za abiria. Mchana uleule! Watu waliopelekwa asubuhi hawakuwa na wa kuwarudisha.

Alifika Forest Park jioni na kifurushi cha nyama, kwa kuwa kesho yake ni sikukuu ya uhuru. Akasubiri. Akauliza. Mwishowe akatembea kutafuta stesheni ya reli nyingine ipitayo Wheaton, inayofanya kazi mpaka leo. Nyama inachuruzika damu kwenye suruali.

"Mama alisemaje kuhusu treni?" nikamuuliza.

"Treni?" Akakunja pua. "Aliinusa nyama, akaitupa, akaniambia nivue suruali."

Mtaa wa pili honi ikalia. Mzee akatazama saa yake. "Imechelewa dakika nne," akasema.