Porto: shuka kwa miguu, panda kwa basi

Porto, mji wa pili wa Ureno, umekaa juu ya vilima, na mto Douro uko chini kabisa. Anayepanga matembezi kwa kutazama ramani tu hujikuta jioni yuko Ribeira, mtaa wa ukingoni mwa mto, magoti yamegoma, anatafuta teksi. Wikendi ya bei nafuu hapa hufuata mteremko.

Kwanza kadi. Kutoka uwanja wa ndege, metro ya laini E inafika Trindade, kituo cha katikati ya mji, kwa nusu saa hivi. Nunua kadi ya usafiri iitwayo Andante mashineni, moja kwa kila mtu, na ujaze safari moja tu ya Z4, yaani ya kanda nne. Wengi hujaza mbili wakiwazia siku ya kurudi, kumbe kadi haibebi aina mbili za safari kwa pamoja, na katikati ya mji unahitaji Z2, ya kanda mbili. Ile Z4 iliyobaki inaziba nafasi, unanunua kadi nyingine. Vituoni hakuna geti la kukuzuia, kwa hiyo ni rahisi kusahau: gusisha kadi kabla ya kupanda, na tena unapobadilisha treni. Kwa mkaguzi, safari uliyolipia bila kugusisha ni faini.

Asubuhi anzia kituo cha reli cha São Bento. Kiingilio hakuna, na kuta zimejaa vigae kama 20,000 vya Jorge Colaço, bluu na nyeupe, vita na wafalme. Panda kidogo hadi kanisa kuu, Sé, kisha vuka daraja la Dom Luís I (la 1886) kwa njia ya juu, inayopita metro. Ng'ambo, kwenye mji wa Gaia, teremka hadi maghala ya mvinyo, urudi kwa njia ya chini, utatokea Ribeira. Hapo basi namba 500 linafuata mto mpaka baharini, Foz, kwa kadi ileile. Tramu ya zamani nayo hufuata mto, ila kwa bei ya watalii. Jioni 500 hilohilo linakupandisha katikati ya mji.

Mkate na zeituni vinavyoletwa mezani bila kuagizwa si takrima. Ukivigusa vinaingia kwenye bili, basi virudishe mapema. Mchana ulizia prato do dia, yaani chakula cha siku. Asiyekula nguruwe aiache francesinha, sandwichi ya nyama, na aulize hata kuhusu supu ya caldo verde: majani yake ni ndugu wa sukuma wiki, yamekatwa membamba kama nyuzi katika rojo la viazi, lakini juu huelea kipande cha soseji ya nguruwe.