Mgeni Kwenye Mizani

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili ni Mambo ya Walawi 19, mstari wa 33 hadi 36. Ni mistari minne tu. Miwili ya kwanza inamhusu mgeni: asionewe, ahesabiwe kama mzalia, apendwe kama mtu anavyoipenda nafsi yake, kwa kuwa Israeli nao walikuwa wageni Misri. Miwili inayofuata inaingia sokoni: mizani ya haki, mawe ya kupimia ya haki, efa ya haki kwa nafaka, hini ya haki kwa vitu vya maji. Msomaji wa haraka hudhani mada imebadilika. Haijabadilika. Mgeni hapigwi fimbo hadharani mara nyingi. Hupunjwa kwenye kipimo, na anayempunja huondoka na dhamiri yake imetulia, maana hakuna sheria aliyoivunja.

Jambo hilo linaonekana waziwazi katika maisha ya Mmarekani mmoja aliyecheza besiboli Japani. Besiboli ni mchezo wa vipimo, kwa hiyo tuvijue vipimo vyake kwanza. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mbele ya mpigaji kuna sahani ya nyumbani, upana wake sentimita 43 hivi. Mpira ukipita juu ya sahani hiyo, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ni straiki. Ukipita pembeni, juu mno au chini mno bila mpigaji kuzungusha gongo, unahesabiwa kuwa mpira wa nje. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Mipira ya nje minne, anatembea bure hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Akiupiga ukavuka uzio ndani ya mistari, hiyo ni homurani, pigo kubwa kuliko yote. Mpira wa kasi hufika kwa sehemu nne za kumi za sekunde moja hivi, na ndani ya muda huo mpigaji awe ameshaamua.

Randy Bass alizaliwa Lawton, Oklahoma, mwaka 1954. Katika ligi kuu ya Marekani, kati ya 1977 na 1982, alipita klabu tano, akacheza michezo 130 tu na kupiga homurani 9. Mwaka 1983 akasajiliwa na Hanshin Tigers, klabu ambayo nyumbani kwake ni uwanja wa Koshien, Nishinomiya, karibu na Osaka. Wakati ule klabu ya Japani iliruhusiwa wageni wawili tu katika kikosi cha kwanza. Mgeni asipopiga mapema, nafasi yake hupewa mgeni mwingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bass alipewa jembe, na alilima. Ila ardhi ya Koshien ilimkataa kwanza. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na nguvu ya mpigaji wa namna hiyo huupeleka mpira upande wa kulia wa uwanja. Koshien ina upepo wa baharini utokao ghuba ya Osaka, unaovuma kutoka kulia kwenda kushoto. Mpira ambao kwingine ungevuka uzio, pale hurudishwa ukaanguka mikononi mwa mdakaji. Mpigaji anayezidisha nguvu ili aushinde upepo hufungua bega mapema, gongo linafika kabla ya wakati, na mipira ya taratibu inayopinda, ambayo warushaji wa Japani ni mafundi wake, inampita. Bass aliacha kushindana nao. Alijifunza kuusubiri mpira wa upande wa mbali, kuuacha uingie ndani zaidi, kisha kuupeleka kushoto ili upepo uubebe. Mwenzake Masayuki Kakefu, naye mpigaji wa kushoto, alikuwa akipiga hivyo hivyo, na Bass hakuona aibu kumwiga mwenyeji. Tena enzi hizo Koshien ilikuwa na uzio wa ndani uliosogezwa karibu upande wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo pigo la kushoto lililobebwa na upepo lilikuwa na thawabu yake.

Matunda yakaja. Mwaka 1983 homurani 35. Mwaka 1985 homurani 54, mikimbio (alama) 134 aliyoileta nyumbani, na wastani wa .350, yaani mapigo salama, yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, 35 katika majaribio 100. Aliongoza ligi yake katika hesabu zote tatu. Hanshin wakatwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza katika historia yao, kwa kuwafunga Seibu Lions michezo 4 kwa 2, na Bass akatajwa mchezaji bora wa fainali hizo. Mwaka huo mashabiki walijitupa katika mfereji wa Dotonbori mjini Osaka kwa furaha. Mgeni alikuwa amependwa kweli, na jambo hilo tusilidharau. Upendo ulikuwepo. Tatizo lilikuwa kwenye mizani.

Rekodi ya Japani ya homurani kwa msimu mmoja ilikuwa 55, iliyowekwa na mpigaji Sadaharu Oh mwaka 1964. Bass alifika mchezo wa mwisho wa ligi, Oktoba 1985, akiwa na 54. Wapinzani siku hiyo walikuwa Yomiuri Giants, na kocha mkuu wao alikuwa Oh mwenyewe. Warushaji wa Giants walimpa Bass matembezi ya bure mara nne. Pigo moja salama alilipata kwa kunyoosha mikono na kuufuata mpira uliokuwa mbali na sahani. Msimu ukaisha: 54.

Hapa pana hila ambayo mtu asiyeujua mchezo haioni. Kumtembeza mpigaji hatari ni mbinu halali, na mara nyingine ni busara: besi ya kwanza iko wazi, wapigaji wawili wameshatoka, mpigaji anayefuata ni dhaifu. Tena matembezi hayahesabiwi kuwa jaribio, kwa hiyo wastani wa mpigaji haushuki hata kidogo. Daftari linabaki safi. Lakini Hanshin walikuwa wameshatwaa ubingwa wa ligi yao siku nane kabla, fainali za Japani zikiwa bado, na mchezo ule haukuwa na lolote la kugombania ila namba 55. Mbinu ilikuwa imekosa sababu yake. Keith Comstock, Mmarekani aliyekuwa mrushaji wa Giants mwaka ule, alieleza baadaye kwamba kuliwekwa faini ya dola 1,000 kwa kila straiki ambayo mrushaji angempa Bass. Oh alikana kutoa agizo lolote, na hatuna sababu ya kumwita mwongo. Dhambi ya kipimo haihitaji agizo la mkubwa. Wadogo wanajua wenyewe wanacholinda.

Tungeweza kusema ni ajali ya siku moja. Mwaka 2001 ikarudi. Tuffy Rhodes, mzaliwa wa Cincinnati, alikuwa na Kintetsu Buffaloes tangu 1996, akikizungumza Kijapani. Septemba 24 alipiga homurani ya 55 dhidi ya mrushaji Daisuke Matsuzaka. Siku chache baadaye akakutana na Fukuoka Daiei Hawks, na kocha mkuu wa Hawks alikuwa Oh. Mpira baada ya mpira ulipita mbali na sahani, hata Rhodes akazungusha gongo kwenye mipira isiyopigika. Kocha mmoja wa Hawks alisema bila kuficha kwamba hakupenda kuona mgeni akiivunja rekodi ile. Safari hii kamishna wa ligi alitoa tamko la kulaumu mwenendo huo, lakini tamko halirudishi straiki. Rhodes aliishia 55. Mwaka uliofuata Alex Cabrera wa Venezuela naye akaishia hapo hapo.

Sasa turudi kwenye mstari wa 34, kwa sababu ndani yake kuna sehemu inayouma. Mungu hasemi tu umpende mgeni. Anasema umpende kwa kuwa ulikuwa mgeni. Oh, ambaye rekodi yake ililindwa dhidi ya wageni, alizaliwa Tokyo kwa baba Mchina, na hakuwa na uraia wa Japani. Mwaka 1957 akiwa mwanafunzi alirusha mipira iliyoipa shule yake ubingwa wa majira ya kuchipua, pale pale Koshien. Mwaka huo huo timu ya shule ilipokwenda tamasha la taifa la michezo, yeye alizuiwa kucheza, maana si raia. Baadaye akapiga homurani 868 na taifa zima likamkumbatia. Kijana aliyefungiwa mlango akawa mlango ambao wengine walifungiwa, pengine bila yeye kupenda. Ndiyo maana torati inataja Misri mara kwa mara. Mtu akishaitwa mwenyeji husahau upesi, na watu wake husahau upesi zaidi kwa niaba yake.

Wapendwa, sisi nasi tunapima. Tunasahihisha mitihani, tunachagua wazee wa kanisa, tunahukumu mashindano ya kwaya, tunapanga nani apandishwe cheo. Jiulizeni juma hili lini kanuni yenu ilianza kutumika kwa ukali. Je, sharti la kukaa usharikani miaka kadhaa lilitajwa kabla au baada ya jina la yule aliyekuja juzi kupendekezwa? Hatua ya kuchukua ni hii: andikeni vigezo kabla hamjayaona majina, na mgombea akishajulikana msiongeze kigezo hata kimoja. Kikionekana kina kasoro, kirekebisheni kwa uchaguzi unaofuata, si kwa huu.

Si kila mtu alimpima Bass kwa jiwe la uongo. Mwaka 1986 alikuwa amepiga homurani katika michezo sita mfululizo, na rekodi ya michezo saba ilikuwa ya Oh pia. Mrushaji wa Giants, Suguru Egawa, alimrushia mpira unaopigika, na Bass akaupiga ukavuka uzio. Saba. Msimu huo wastani wake ulikuwa .389, na hakuna aliyeupita Japani tangu hapo. Mwaka 1988 alirudi Marekani kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na klabu ikamwacha. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli ya Japani mwaka 2023.

Rekodi ya 55 ilianguka Septemba 15, 2013. Wladimir Balentien wa Curaçao, akiichezea Yakult Swallows, alipata mpira unaopigika kutoka kwa Daiki Enokida, mrushaji wa Hanshin, klabu ile ile ya Bass. Balentien alimaliza msimu na 60. Haki inatudai tuseme na hili: mwaka ule ligi ilikuwa imebadilisha mpira ukawa unaruka zaidi, bila kuwaambia wachezaji wala mashabiki. Ilikiri mwezi Juni, na Septemba hiyo hiyo kamishna akatangaza kujiuzulu. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Someni mstari huo pamoja na wa juma hili, mkiwa nyumbani na watoto. Juma lijalo tutaingia Mambo ya Walawi 25, na tutaanzia mstari wa 23, pale Bwana anapowaambia wenye nchi kwamba wao nao ni wageni kwake.