Teej ilinikuta Doha

Mashoga mnaoniuliza huku twaishi vipi na watu wa kila taifa, haya leo nawapa hii. Chumbani tuko sita, mie wa Mombasa, mmoja Mganda, wanne Wanepali. Mwaka 2024, Alhamisi tarehe 5 Septemba, mkesha wa Teej, sikukuu ya Kihindu ya wanawake wa Nepal ya kufunga, natoka shifti ya jioni nakuta samli inanukia mpaka koridoni, wanapika khir, yaani wali wa maziwa sukari imejaa, na sel roti, zile pete za unga wa mchele za kukaanga. "Didi, kaa ule!" Didi kwao ni dada mkubwa. Karamu yenyewe yaitwa dar, unakula mpaka ulegee, maana ikishapita saa sita usiku hakuna chakula wala tone la maji siku nzima. Nikawaambia jamani hii si daku hii!

Wanasema Parvati, mungu wao wa kike, alifunga hivyohivyo mpaka akampata mungu Shiva awe mumewe, basi wenye waume wanawaombea umri mrefu na wasichana wanaomba wapate mume mwema. Mie moyoni nikasema haya, wanawake wanashinda na njaa, na wanaume je?

Lakini Ijumaa, bahati tuko ofu, wakavaa sari nyekundu na pote, zile shanga ndogondogo za mke wa mtu, wakafungulia muziki kwenye simu wakacheza toka saa nne asubuhi na njaa yao, wallahi mie niliyekula nilichoka kabla yao. Na nyimbo zenyewe nikatafsiriwa nikabaki mdomo wazi, ni mipasho mitupu! Mama mkwe mkali, mume mlevi, baba kaniozesha mbali. Siku hiyo mwanamke anayatoa yote na hakuna wa kumnyamazisha. Kwao wangekuwa hekalu la Pashupatinath, Kathmandu, foleni nyekundu huioni mwisho.

Usiku taa ya mafuta yatakiwa iwake mpaka asubuhi, sasa kempu, haya makazi yetu wafanyakazi, moto marufuku, wakaweka ya betri. Mmoja mumewe yuko Malaysia, hawajaonana miaka mitatu, na kijadi mke hufungua kwa maji aliyomuoshea mume miguu. Akampigia video. Jamaa akageuza simu, tukaona miguu na ndala imekatika kamba, chumba kizima kicheko. Yeye hakucheka, aligusa kioo kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso, ndo akanywa maji.