Nilivyokadiria thamani ya picha mbili za meli za Antonio Jacobsen

Baba mkwe wangu alifanya kazi kwa muda mrefu katika bandari za New Jersey, na alipofariki aliacha, pamoja na nyumba, picha mbili za meli za rangi ya mafuta zenye sahihi ya Antonio Jacobsen. Warithi walikuwa watatu, mke wangu na ndugu zake wawili, nami nikaombwa nishughulikie sehemu hiyo ya mirathi. Shemeji yangu mkubwa alikuwa ameona kwenye intaneti picha ya mchoraji huyohuyo ikitangazwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Yule mdogo alikuwa amesikia kwamba Jacobsen alichora picha nyingi mno, hivyo hazina thamani kubwa. Wote wawili walikuwa wanapima jina, ilhali kwa mchoraji wa aina hii jina peke yake haliamui bei.

Jacobsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1850, katika familia ya watengenezaji wa fidla, na akahamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora meli katika bustani ya Battery, New York, mtu wa kampuni ya makasha ya chuma ya kuhifadhia fedha alipomwona na kumpa kazi ya kuyapamba. Baadaye kampuni za meli na manahodha walianza kumwagiza picha za vyombo vyao, na kazi hiyo ikamshika hadi alipofariki mwaka 1921. Mara nyingi hutajwa kuwa alichora picha zipatazo 6,000. Waliomwagiza walitaka kumbukumbu sahihi ya chombo: idadi ya milingoti, rangi za dohani, bendera ya kampuni, mstari wa omo na tezi. Usahihi huo ndio unaomwezesha mthamini wa leo kujua hasa ni meli gani anayoitazama.

Nilianza na sahihi, kwa sababu Jacobsen alikuwa na desturi ya kuandika jina, mwaka na mara nyingi anwani yake. Hadi mwaka 1880 aliishi New York. Baada ya hapo alikaa West Hoboken, kwenye mwinuko wa ng'ambo ya mto Hudson. Picha yenye mwaka 1875 na anwani ya West Hoboken ingetia shaka papo hapo. Kubwa kati ya picha zetu, iliyochorwa kwenye turubai, ilikuwa na mwaka 1886 na anwani ya West Hoboken, na ilionyesha meli ya mvuke ya mizigo. Ndogo ilichorwa kwenye kadibodi mwaka 1913, nayo ilionyesha meli ya matanga ya kasi ya miaka ya 1850. Jambo hilo la pili lilimtisha shemeji mdogo, aliyeuliza mchoraji angewezaje kuchora chombo kilichokwisha kutoweka baharini. Kwa Jacobsen halikuwa tatizo, kwani katika miaka yake ya mwisho alichora meli nyingi za zamani kwa ajili ya watu waliozikumbuka, na mara nyingi alitumia kadibodi badala ya turubai.

Hatua iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa kuchunguza hali ya picha zenyewe. Nilimpelekea mrekebishaji wa michoro anayejitegemea, naye akazimulika gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno. Chini ya taa hiyo vanishi ya zamani hung'aa kwa rangi ya kijani hafifu, ilhali rangi iliyoongezwa baadaye hujitokeza kama madoa meusi. Anga la picha ya 1886 lilijaa madoa hayo, na nyuma yake turubai ya asili ilikuwa imegandishwa juu ya kitambaa kingine, jambo ambalo hufanywa pale ambapo turubai imechanika au imelegea. Meli yenyewe, namshukuru Mungu, haikuwa imeguswa. Picha ya kadibodi ilikuwa chafu kwa moshi na pembe moja ilikuwa imebonyea, lakini rangi yake yote ilikuwa ya mkono wa Jacobsen. Mama mkwe alitaka kuifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nilimsihi aiache ilivyo, kwa sababu usafishaji mbaya hauwezi kurudishwa nyuma, na wanunuzi wengi hupendelea uchafu wa zamani kuliko ukarabati wa kubahatisha.

Ndipo nikatafuta bei. Nilikusanya matokeo ya minada tu, si bei zinazotangazwa madukani, kwa kuwa bei inayotangazwa ni matumaini ya muuzaji. Nililinganisha turubai na turubai, kadibodi na kadibodi, meli ya mizigo na meli ya mizigo, na kila mara niliangalia kama kiasi kilichoandikwa kilijumlisha ada anayolipa mnunuzi au la. Mpangilio ulijitokeza haraka: mashua za mashindano, meli za magurudumu ya pembeni na meli mashuhuri za abiria hupanda juu sana, ilhali meli za kawaida za mizigo, hata zikiwa kubwa na za miaka mizuri, mara nyingi huuzwa kwa maelfu machache ya dola. Kwa hiyo ile tofauti kubwa kati ya picha zetu mbili ambayo shemeji mkubwa aliitarajia haikuwepo. Turubai ilipunguzwa thamani na ukarabati wake pamoja na aina ya meli, na kadibodi ilipandishwa na meli ya matanga inayopendwa na wakusanyaji.

Kazi ya kuandika thamani rasmi nilimwachia mthamini mwenye sifa, kwa sababu mrithi au mume wa mrithi hawezi kuaminiwa na ndugu zake katika jambo lenye fedha, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mthamini aliandika thamani ya soko ya siku ya kifo, yaani bei ambayo mnunuzi na muuzaji wangekubaliana bila yeyote kushurutishwa. Picha mbili zilikaribiana sana. Mke wangu alichukua ile ya kadibodi, shemeji mkubwa akachukua turubai, na mdogo akapewa fedha badala ya picha. Kwa ajili ya bima tuliomba hati ya pili, yenye kiasi cha juu zaidi, kwa kuwa bima huhesabu gharama ya kununua picha ya aina hiyo dukani.