Kubandua Stika za Zamani Bila Kuumiza Rangi ya Gari

Stika iliyokaa juu ya bodi ya gari kwa miaka mingi haitoki kwa namna ileile iliyobandikwa. Stika nyingi za magari hutengenezwa kwa vinili, na vinili hubaki laini kwa sababu ya vilainishi vilivyochanganywa ndani yake, ambavyo hupungua kidogo kidogo kadiri jua linavyoipiga. Baada ya muda plastiki hukakamaa na kupasuka, hivi kwamba ukijaribu kuing'oa kwa ukucha hutoka vipande vidogo vidogo na kuacha gundi yote pale ilipokuwa. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakachukua kisu au msasa, na kuanzia dakika hiyo tatizo si la stika tena bali ni la rangi.

Kazi hii naitazama kwa jicho moja tu: kinacholindwa ni tabaka la juu la rangi, na kila hatua ipimwe kwa madhara inayoweza kulifanyia. Rangi ya magari mengi ya kisasa ina tabaka za praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha klia, yaani tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa na kuzuia jua. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa takriban maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na katika hizo klia huchukua kiasi cha 40 au 50, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida wa binadamu. Mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha tayari umekula sehemu kubwa ya ulinzi huo, na hakuna polishi itakayourudisha.

Kabla ya kugusa chochote, ni vyema kujua kama gari limewahi kupakwa rangi upya. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, ilhali ile ya gereji hukaushwa kwa joto la chini zaidi au kwa hewa tu, na mara nyingi haishiki chuma kwa nguvu ileile. Stika iliyobandikwa juu ya rangi ya pili inaweza kuondoka na rangi hiyo, hata kama anayeibandua ana mkono mwepesi kiasi gani. Tazama kingo za mipira ya milango na pembe za taa kama zina alama za rangi iliyopulizwa. Linganisha mlango na mlango kwenye mwanga wa mchana. Kwa magari ya zamani sana, sugua sehemu ndogo iliyojificha kwa polishi kidogo na kitambaa cheupe: kitambaa kikichukua rangi ya gari, ujue hakuna klia, na uongeze uangalifu maradufu.

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni kwanza, kwa kuwa mchanga uliojificha kando ya stika ndio utakaochora mistari pindi utakapoanza kusugua. Gari liwe kivulini na bodi isiwe ya moto kutokana na jua, la sivyo kila kimiminika utakachopaka kitakauka kabla hakijafanya kazi.

Baada ya hapo huja joto, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye nusu ya kazi yote. Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Ni kitu kati ya kimiminika na kigumu, na kikipata joto hulegea na kuachia. Mashine ya kawaida ya kukaushia nywele inatosha kabisa. Bunduki ya joto inayotumiwa na mafundi inaweza kutoa hewa yenye nyuzi zaidi ya 500, na kwa hiyo sipendi kuiona karibu na gari mikononi mwa mtu asiyeizoea, hasa kwenye bampa za plastiki ambazo hupinda kabla rangi haijaonyesha dalili yoyote. Peleka mashine huku na huku bila kuisimamisha mahali pamoja, kisha gusa bodi kwa kiganja: pawe moto, lakini moto unaovumilika. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, umepitiliza. Subiri papoe kidogo. Asiye na mashine anaweza kulaza juu ya stika taulo lililochovywa kwenye maji ya moto, akalirudia mara kwa mara.

Inua pembe moja kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki, kisha ukunje stika ijirudie yenyewe na uivute taratibu, karibu kulala juu ya bodi, badala ya kuivuta moja kwa moja kuelekea kwako. Ukivuta kwa haraka, gundi hukaza na vinili hukatika. Ukivuta polepole ikiwa bado ina joto, sehemu kubwa ya gundi hufuata stika. Inapoanza kukataa, usiongeze nguvu, ongeza joto. Subira hii huchosha, hasa kwenye stika ndefu za ubavuni, lakini kila kipande cha gundi kinachotoka sasa kinakuepusha na kusugua baadaye.

Vipande vilivyosalia vikwanguliwe kwa kitu laini kuliko klia: kadi ya benki iliyokwisha muda, au wembe wa plastiki unaouzwa kwa kazi hiyo. Wembe wa chuma ni wa kioo tu, tena kioo kilicholowa maji ya sabuni, na uepuke kabisa upande wa ndani wa kioo cha nyuma, ambako nyuzi za kupasha joto zimechapwa juu ya kioo na hukatika kwa mguso mmoja.

Sasa inabaki gundi, ambayo kwa kweli ndiyo adui mwenyewe. Kanuni ninayoifuata ni kuanza na kilicho dhaifu na kupanda ngazi pale tu kinaposhindwa. Gundi ya stika za karatasi mara nyingi hutoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Gundi laini ya vinili hukubali mafuta ya kupikia au mafuta ya maganda ya machungwa, ambayo huingia ndani yake na kuifanya ipoteze unato. Ikikataa, tapentaini au mafuta ya taa kwenye kitambaa laini hufaa kwa rangi ya kiwandani iliyo nzima, na alkoholi ya isopropili huondoa utando mwembamba unaobaki mwishoni. Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango, na uangalie kama rangi inafifia, inalainika au inahamia kwenye kitambaa.

Siri ya hatua hii ni muda, na wengi hawautoi. Hupaka, husugua papo hapo, huona gundi imesambaa badala ya kutoka, kisha hutafuta kemikali kali zaidi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi, kifunike kwa karatasi ya plastiki ili kisikauke, na ukiache kwa dakika kadhaa huku ukikichungulia. Gundi iliyolowa vizuri huvimba na kuviringika chini ya kidole gumba, nawe utaifuta bila kukaza mkono. Geuza kitambaa kila mara upate upande safi. Ukifuta kwa upande uliokwisha jaa gundi, unaipaka upya.

Thina na asetoni siwezi kumshauri mtu avitumie kwenye rangi. Ni kweli kwamba huondoa gundi kwa kasi ya kuvutia, lakini hulainisha rangi za gereji na plastiki nyingi kwa kasi hiyohiyo. Petroli nayo ina mvuke unaowaka kwa urahisi mno, na haifanyi lolote ambalo mafuta ya taa hayawezi kufanya kwa hatari ndogo zaidi. Na hata hayo mafuta ya taa, tapentaini au alkoholi visikutane na mashine ya joto: maliza kupasha joto, izime, iweke mbali, ndipo ufungue chupa.

Nembo na herufi za plastiki zilizoshikiliwa kwa utepe wenye sifongo zina njia yake. Pasha joto, kisha pitisha nyuma yake mshipi wa kuvulia samaki na uukate utepe kwa mwendo wa msumeno, ukiwa umebandika utepe wa karatasi pembeni ili mshipi usisugue rangi. Stika zinazoakisi mwanga ndizo ngumu kuliko zote, kwani tabaka lake la juu huachana na la chini na kumeguka. Hapo hakuna njia ya mkato.

Baada ya gundi kuisha, mara nyingi umbo la stika hubaki likisomeka, hasa kwenye magari mekundu au yenye rangi nzito. Hilo si uchafu. Rangi iliyofichwa chini ya stika haikupigwa na jua, ilhali ile ya pembeni imepauka, na kwa hiyo kinachotakiwa kung'arishwa ni pembeni zaidi kuliko pale stika ilipokuwa. Anza na polishi laini kabisa kwa mkono, uone matokeo, kabla ya kufikiria iliyo kali au mashine, maana kila polishi hula klia kidogo. Tofauti iliyosababishwa na utando wa juu hupungua sana au kutoweka. Ile iliyoingia ndani ya rangi yenyewe haitaondoka kwa polishi, na kwa gari la umri mkubwa nadhani ni busara kuiacha kuliko kuichimba klia mpaka iishe.

Malizia kwa kuosha tena kwa sabuni ya magari, ukiyafuata mafuta yaliyotiririka hadi kwenye mipira ya milango na madirisha, kwa sababu mafuta ya taa na tapentaini huvimbisha mpira. Kisha paka nta juu ya sehemu yote, isipokuwa kama unakusudia kubandika stika nyingine palepale: stika haishiki juu ya nta, na katika hali hiyo pafute kwa isopropili, ubandike kwanza, nta ipakwe kuizunguka.