Lita za Wanachama Kumi na Wanne

Simu ya meneja ilinikuta kwenye steji mjini Nakuru, mwanzoni mwa Julai 2016, nikisubiri matatu ya kunirudisha Section 58. Hakunisalimu. "Kijana, kesho uwe hapa asubuhi na mapema. Watu wa maziwa wamekataa kuondoka ofisini." Nyuma ya sauti yake nilisikia kina mama wakizungumza wote kwa pamoja.

Ofisi ya ushirika wao wa maziwa ilikuwa juu ya Njoro, kule barabara inakopanda kuelekea Mau. Mwaka mmoja kabla ya simu hiyo walikuwa wamenipa kazi ya kuwatengenezea mfumo wa kuandika maziwa, na hizo ndizo zilizokuwa pesa zangu za kwanza za programu. Zamani karani alikuwa akikesha siku tatu za mwisho wa mwezi na kikokotoo, akijumlisha karatasi za wakusanyaji. Mimi nilimtengenezea ukurasa mmoja: tarehe juu, chini yake jedwali lenye mstari wa kila mwanachama kwa utaratibu wa alfabeti, na kila mstari una visanduku vitatu. Lita za asubuhi, lita za jioni, na lita zilizokataliwa baada ya kupimwa. Jioni karani anajaza kutoka kwenye karatasi, anabonyeza Hifadhi mara moja, anafunga ofisi.

Niliupenda ukurasa ule. JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ilikuwa ikijumlisha kila mstari papo hapo karani anapoandika, na jumla ya siku ilionekana chini kwa herufi nene. Meneja aliwaonyesha wageni.

Asubuhi nilipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa. Mama mmoja wa makamo alisimama aliponiona akatoa kijitabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kila siku ya Juni ilikuwa na mstari wake, kwa kalamu ya buluu: 11 na 6, 11 na 6, siku nyingine 12 na 5. Kwa bei ya shilingi 34 kwa lita alitarajia zaidi ya 17,000. Alikuwa amepokea 8,000 na kidogo. Ada ya mtoto wake wa sekondari ilikuwa inasubiri pesa hizo.

"Mwanangu," aliniambia, "maziwa yangu ya nusu mwezi yamekwenda wapi?"

Tukaingia ndani. Nikafungua ripoti. Kuanzia tarehe 1 hadi 14 lita zake zilikuwa sawasawa na za kijitabu. Kuanzia tarehe 15 hadi 30, sifuri. Asubuhi sifuri, jioni sifuri, zilizokataliwa sifuri. Meneja akamgeukia karani, mwenyekiti akamgeukia karani, na mimi, niliyekuwa na wajibu wa kunyamaza mpaka nijue, nikasema: "Mfumo unaandika kile unachopewa. Labda mistari hiyo haikujazwa."

Karani, dada yule, hakujitetea. Alisema tu, "Nilijaza," akaanza kupanga karatasi zake upya, karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nilimjua kwa mwaka mzima na sikuwahi kumwona akiruka mstari. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshatoka, na ofisini humo mtu wa kompyuta alikuwa anaaminiwa kuliko karani.

Walioathirika walikuwa 14. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango ndiye aliyeona jambo la kwanza la maana siku ile. Aliwasikiliza wenzake wakiitwa mmoja mmoja, kisha akauliza, "Kwani sisi wa W tumekosa nini?" Ni kweli. Majina yao yote yalianza na W. Njoro inakaliwa na watu wa kila namna, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kutafuta kabila ndani ya hasara ile, lakini Wanjiku na Wekesa walikuwa ndani ya shimo lilelile. Kilichowaunganisha kilikuwa alfabeti tu. Walikuwa mwisho wa orodha.

Hapo nikaanza kuogopa kwa namna nyingine. Karani mwizi haibi kwa alfabeti.

Niliomba nibaki mpaka jioni. Saa kumi na moja karatasi zikafika, nikaketi kando ya karani nikimtazama akiandika. Alijaza kuanzia juu hadi chini bila kuruka, akafika kwa yule mama, akaandika 11, akaandika 6, akabonyeza Hifadhi. Skrini ikajibu: rekodi 347 zimehifadhiwa. Tukafungua ripoti ya siku. Wale 14 walikuwa na sifuri.

Karani alinitazama. Hakusema neno, na sikuwa na la kumwambia.

Nililala Njoro usiku ule, kwenye chumba cha mlinzi, na kompyuta ya ofisi. Kwanza nilifungua zana za kivinjari zinazoonyesha kila kinachotumwa. Data zote zilikuwemo, mpaka kisanduku cha mwisho kabisa. Basi ukurasa ulikuwa umetuma. Upande wa pili, kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kuhifadhi data, niliongeza mstari mmoja wa PHP, lugha niliyotumia huko, wa kuhesabu kilichopokelewa. Jibu likaja: asubuhi 333. Jioni 333. Zilizokataliwa 333.

Namba ya namna hiyo haiji kwa bahati. Nilichukua kalamu. 333 mara tatu ni 999. Ongeza kisanduku cha tarehe, ni 1000.

Inafaa nieleze safari ya data hizo, maana hapo ndipo nilipokuwa nimepita haraka. Visanduku 347 vikiwa na jina moja, asubuhi, PHP inabaki na kile cha mwisho tu. Kila kinachofika kinafuta kilichotangulia. Ukiongeza mabano ya mraba kwenye jina, asubuhi[], PHP inavipanga kuwa safu: nafasi ya 0, ya 1, ya 2, hadi mwisho. Hilo nilikuwa nalijua na nilifanya. Nisilojua ni kwamba PHP ina kikomo kinachoitwa max_input_vars, na kama hakuna aliyekigusa ni 1000. Kisanduku cha 1001 hakipokelewi. Fomu haikataliwi wala ukurasa hausimami. Kinachozidi kinaachwa nje, na msimbo wako unaendelea na kilichobaki kana kwamba ndicho kilichotumwa.

Kikomo chenyewe kina sababu nzuri. Mwishoni mwa mwaka 2011, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta mjini Berlin, watafiti wawili wa Kijerumani, Alexander Klink na Julian Wälde, walionyesha kwamba fomu moja iliyojazwa majina ya vigeu, yaani ya visanduku vyake, yaliyochaguliwa kwa hila inaweza kuiweka seva kwenye hesabu ngumu mpaka ishindwe kuhudumia wengine. PHP 5.3.9, iliyotoka Januari 2012, ikaja na kikomo hicho kama kinga. Siwalaumu watengenezaji wa PHP. Walikuwa wanazuia hatari ya kweli, na kikomo chao hakikuwa kimya kabisa: kila kilipovukwa, seva iliandika onyo kwenye faili la hitilafu. Faili hilo lilikuwa kwenye akaunti yetu ya seva tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kulifungua.

Mpaka katikati ya Juni ushirika ulikuwa na wanachama 326. Visanduku 979 pamoja na tarehe, chini ya kikomo. Tarehe 15 kituo kipya cha kukusanyia maziwa kikafunguliwa na watu 21 wakajiunga. Wapya walitawanyika ndani ya alfabeti, wakawasukuma wa W chini, 14 wakavuka ukingo. Visanduku 42 kila jioni. Mimi nyumbani nilikuwa nimejaribu ukurasa kwa majina 20 niliyoyatunga mwenyewe.

Lakini kikomo hakikuwa peke yake. Upande wa seva nilikuwa nimewatoa wanachama kwenye hifadhidata kwa alfabeti na kuwapitia mmoja mmoja: wa nafasi ya 0 achukue namba ya nafasi ya 0, na kuendelea. Pale ambapo namba haikuwepo niliandika sifuri. Niliuweka mstari huo ili maonyo yasinisumbue wakati wa kujaribu, nikasahau kuutoa. Ndiyo maana skrini ilitangaza rekodi 347 kila jioni: ilihesabu wanachama, haikuhesabu maziwa. Sifuri ile inaniuma mpaka leo kuliko kikomo. Mwanachama ambaye ng'ombe wake hakukamuliwa ana sifuri. Yule ambaye lita zake zimepotea kati ya kivinjari na seva hana sifuri, hana kitu chochote, na mfumo ulipaswa kusimama na kuuliza. Wangu ulijaza jibu.

Nilijaribu njia ya mkato kwanza, kupandisha kikomo kwa ini_set juu kabisa ya msimbo. Haikusaidia, na ukifikiri utaona kwa nini: msimbo wangu unapoanza kusomwa, PHP imeshaipokea fomu na kuikata. Kikomo hicho kinabadilishwa kwenye mipangilio, kabla ya ukurasa kuanza. Nilikibadilisha huko ili kesho yake isipotee lita nyingine, kisha nikaanza kuandika upya.

Nilitaka fomu itume kitu kimoja badala ya elfu. JavaScript ikusanye mistari yote, iigeuze kuwa maandishi kwa JSON.stringify, iyaweke kwenye kisanduku kimoja kilichofichwa. Seva iyafungue kwa json_decode. Kwa hesabu ya PHP hicho ni kigeu kimoja, wawe wanachama 347 au 3,000. Na kila lita zibebe namba ya mwanachama badala ya nafasi yake kwenye orodha, kwa sababu nilishaona kasoro nyingine ndani ya njia ile ya nafasi: mwanachama akisajiliwa wakati karani amefungua ukurasa, kila aliye chini yake angepewa maziwa ya jirani.

Saa nane usiku nilikwama tena. Kwenye JavaScript nilikuwa nimeanza na safu tupu, [], nikaweka lita kwenye nafasi zenye namba za wanachama. Namba hizo zilifika 1207. Katika PHP hilo ni jambo la kawaida, safu yake inabeba lebo yoyote unayoipa. JavaScript ilielewa kwamba nataka orodha yenye nafasi 1208, na JSON ikajaza kila pengo kwa null, yaani hakuna kitu. Ilinibidi nibadilishe mabano tu, kutoka [] hadi {}, lakini nilitumia saa nzima kuliona. Na data zikirudi kutoka kwa seva mambo yanageuka: json_encode, amri ya PHP ya kugeuza data kuwa maandishi, ikikuta lebo zinazofuatana kuanzia 0 inaandika orodha, ikikuta pengo lolote inaandika kitu chenye lebo, na JavaScript iliyokuwa inasubiri orodha inashindwa kuipitia. Neno ni moja, safu, na kila upande una maana yake.

Kabla ya mapambazuko niliongeza jambo la mwisho. Ukurasa utume pia idadi ya mistari iliyojazwa, seva ihesabu mistari iliyoipokea, na idadi hizo zikitofautiana hata kwa moja, isihifadhi chochote.

Asubuhi kamati ilikuwepo. Niliomba kuzungumza kabla hawajakaa vizuri, nikasema mbele ya wote kwamba karani alijaza kila mstari, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilichosema jana nilikisema bila kujua. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, alimtazama dada yule akasema, "Basi mama, tusamehe." Naye akajibu, "Tuanze na tarehe 15," akavuta karatasi.

Mistari ya Juni ilikuwa 224, wanachama 14 kwa siku 16. Yeye alisoma, mimi nikaandika. Tulipofika kwa yule mama, naye akaketi karibu na kijitabu chake mapajani, akifuata kwa kidole. Tarehe 22 karatasi ilisema jioni 5, kijitabu 6. Karani aliiinua karatasi kuelekea dirishani. Tone la maziwa lilikuwa limefuta mkia wa namba. "Ni 6," alisema, nikaandika 6.

Tulipomaliza, yule mama aliniuliza kama kompyuta ilijua. Sikuelewa. "Siku hizo zote," alisema, "hakukuwa na mahali popote ilipoandika kwamba maziwa yangu yalifika?"

Nikafungua faili la hitilafu nikamwonyesha. Maonyo ya Juni yalikuwa 16, moja kwa kila jioni kuanzia tarehe 15, yote yakisema kikomo cha 1000 kimezidiwa. Nilimweleza kwamba jina lake halimo wala lita zake, bali ni kwamba kuna kilichokuja na kikaachwa nje. Alisogea karibu na skrini akahesabu tarehe moja moja dhidi ya kijitabu. Zote 16 zilikuwepo.

"Nichapishie huo ukurasa," alisema.

Nilimchapishia. Aliukunja mara nne, akauweka ndani ya kijitabu penye mwezi wa Juni, akakirudisha kwenye mfuko wake na kuufunga.