Kila Mtu Hemani Kwake: Tafakari ya 1 Wafalme 12

Wapendwa katika Bwana, neno la wiki hii ni 1 Wafalme 12:1-33. Kabla ya kulifungua, rudini msome sura ya 4, ya 5 na ya 9. Bila hizo mtadhani huu ni ugomvi wa siku 3 pale Shekemu, kati ya mfalme mwenye kiburi na watu wenye hasira. Deni lililodaiwa Shekemu lilikuwa limekua kwa miaka 40 yote ya Sulemani.

Tuanze na meza ya mfalme. Kwa siku moja nyumba yake ilikula kori 30 (kori ni kipimo cha kale cha nafaka) za unga mwembamba na kori 60 za unga wa kawaida, ng'ombe 10 walionona, ng'ombe 20 wa malisho na kondoo 100. Chakula hicho kilikusanywa na maakida 12, kila mmoja na eneo lake, kila eneo mwezi mmoja kwa mwaka. Isomeni orodha ya 4:8-19 taratibu: Efraimu imo, Naftali imo, Asheri, Isakari, Benyamini. Yuda, kabila la mfalme, haionekani waziwazi kati ya wenye zamu. Wachambuzi bado wanabishania mwisho wa mstari wa 19, lakini mkulima wa Efraimu aliyekuwa akipakia nafaka hakuhitaji mchambuzi. Alijua nani anabeba na nani anapakuliwa.

Juu ya chakula kulikuwa na shokoa, yaani kazi ya lazima. Watu 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, mwezi mmoja kule na miezi 2 nyumbani. Walikuwapo pia wachukuzi 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Hekalu lilimalizika kwa miaka 7. Nyumba ya mfalme mwenyewe ilichukua 13. Kisha Sulemani akampa Hiramu wa Tiro miji 20 ya Galilaya, huko kaskazini. Na aliyesimamia shokoa ya nyumba ya Yusufu, yaani Efraimu na Manase, alikuwa kijana hodari aitwaye Yeroboamu (11:28). Mtu huyu aliujua mzigo huo kwa kuuhesabu, kichwa baada ya kichwa.

Sasa someni 12:4 na muangalie watu wa Israeli walimwomba nini Rehoboamu, mwana wa Sulemani aliyerithi kiti chake. Hawakudai mfalme mwingine. Hawakutaja kabila. Waliomba kongwa lipunguzwe, nao wangetumika. Wazee wakamshauri Rehoboamu ajibu kwa upole. Akawaacha, akawasikiliza wale aliokua nao. (Mara nyingi tunawahubiri hawa kama vijana wasio na akili za utu uzima. Rehoboamu alikuwa na miaka 41, kwa 14:21, na rika lake ni hilo hilo. Tusiwatupie vijana wetu lawama isiyo yao.) Akatoka na jibu la mijeledi na nge.

Hapo tu, katika mstari wa 16, ndipo lugha ya kabila inaposikika: hatuna fungu kwa Daudi, nendeni hemani kwenu. Na maneno hayo hayakutungwa siku ile. Sheba mwana wa Bikri aliyapigia tarumbeta katika 2 Samweli 20:1, enzi za Daudi. Yalikuwa yamewekwa ghalani, yakingoja siku ambayo haki ingekataliwa. Rehoboamu, badala ya kutuma mpatanishi, akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa yenyewe. Wakampiga mawe akafa. Makabila ya kaskazini yakajitenga na nyumba ya Daudi, yakamfanya Yeroboamu mfalme wao.

Ndugu na dada zetu wa Kenya, mpangilio huo tunaufahamu. Serikali ya kikoloni ilichora maeneo ya Waafrika kwa mistari ya makabila. Mwaka 1955 iliporuhusu vyama vya siasa vya Waafrika, iliviruhusu katika ngazi ya wilaya tu, si ya nchi nzima. Watu wakajifunza siasa ndani ya uzio wa kabila, na uhuru ulipokuja uzio ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Kisha waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo ziende kule ambako zingeleta mazao mengi zaidi kwa haraka. Kwa mhasibu hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa mama wa kaskazini aliyesubiri kisima na zahanati, ilikuwa orodha ya maakida isiyo na zamu yake ya kupokea. Mzigo na fungu vikigawanywa hivyo kwa miaka mingi, mwanasiasa hana haja ya kutunga chuki. Anafungua ghala tu. "Madoadoa" na "kwekwe", majina ya kuwadharau majirani wa kabila lingine, ni maneno ya Sheba kwa Kiswahili chetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Lakini sehemu inayotugusa sisi waumini zaidi ni 12:26-33. Yeroboamu, aliyekuwa na malalamiko ya haki, aliogopa kwamba watu wakienda kuabudu Yerusalemu mioyo yao ingerudi huko. Akaweka ndama mmoja Betheli na mwingine Dani, mipakani kabisa, kusini na kaskazini. Akafanya makuhani kutoka kwa watu wowote, wasio wana wa Lawi. Akasogeza sikukuu hadi mwezi wa 8, siku ya 15. Ibada ikawa ukuta wa kulinda mpaka wa siasa.

Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Ungamo hilo lilikuwa la thamani, na lingekuwa la thamani zaidi kama tungekuwa tumelifanyia kazi kila Jumapili tangu hapo.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Betheli huanza kujengwa mapema, na mara nyingi huanzia paa. Kamati ya ujenzi imekwama kwa mabati, mheshimiwa anakuja na bahasha, mwenyekiti anaona aibu kumnyima kipaza sauti. Septemba 2021 Kanisa la Anglikana Kenya lilipiga marufuku wanasiasa kuhutubu ibadani, lakini agizo la juu halishiki pale ambapo shimo la fedha liko chini. Kwa hiyo kamati ipange ujenzi kwa awamu ambazo zaka na michango ya washirika inaweza kuzimaliza, hata kama paa litachukua miaka 3. Sadaka ya mgeni yeyote iandikwe kwenye daftari lile lile na apewe risiti ile ile, bila kutangazwa madhabahuni. Akitaka kusalimu watu, asalimu nje, baada ya neema.

Kuhusu lugha, ibada ya lugha ya mama si dhambi, na bibi asiyejua Kiswahili ana haki ya kumsikia Mungu. Penye kasoro ni kwenye vikao. Kamati ya fedha ikijadiliana kwa lugha ambayo wajumbe 2 hawaielewi, hao 2 wameshaambiwa waende hemani kwao. Vikao na matangazo viwe kwa Kiswahili.

Tena tusiishie kuomba amani huku hatuulizi juu ya kongwa. Katiba ya 2010 inatenga angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti zote 47, na asilimia 0.5 kwa hazina ya maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa maji, barabara, afya na umeme. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Watu wetu wengi huenda kwenye kikao cha umma mwezi Mei, mgao ukiwa umekwisha kukaa. Kila jumuiya ichague wawili, wa jamii tofauti, waende kabla ya Septemba, na waulize kwanza juu ya wadi isiyo yao.

Jumatano tutasoma 2 Mambo ya Nyakati 30. Mfalme Hezekia wa Yuda alituma barua toka Beer-sheba mpaka Dani, akiwaalika ndugu wa kaskazini kwenye Pasaka, nayo ikafanywa mwezi wa 2 badala ya wa kwanza, kwa kuwa makuhani hawajatosha na watu hawajakusanyika. Matarishi walichekwa mji kwa mji. Hata hivyo wengine wa Asheri, wa Manase na wa Zabuloni wakaja. Wengi wao hawakuwa wamejitakasa, wakaila Pasaka kinyume cha ilivyoandikwa, naye Hezekia akawaombea. Sikukuu ilipotimiza siku 7, wakakubaliana kuongeza 7 nyingine.